Ua la bandia likijisaliti: dalili, chanzo na dawa yake

Mgeni akiingia sebuleni na papo hapo akajua maua yaliyo mezani ni ya bandia, mara nyingi si petali zilizomwambia. Ni shina lililonyooka kama rula, au jani linalong'aa kama kifuniko cha ndoo. Mnunuzi wa Kariakoo hutazama ua kutoka juu, analipenda, analipa. Mgeni wake amekaa kwenye kochi, hivyo macho yake yako usawa wa shina. Ndiyo maana hapa tunakagua kuanzia chini kwenda juu. Dalili nyingine hutibika kwa dakika kumi na draya ya nywele. Nyingine hazina dawa kabisa, na ua la namna hiyo lilipaswa kurudishwa kwenye ndoo yake palepale dukani.

Kabla ya kutibu chochote, jua umeshika nini. Liinue ua kwenye mwanga. Ukiona mfumo wa nyuzi, ni kitambaa, na karibu kila mara ni polista hata kama muuzaji anasema hariri. Bonyeza petali kwa ukucha: likibaki bonde dogo, ni povu. Likiwa la baridi, laini, halionyeshi nyuzi na linateleza kidogo kama ngozi, lina mipako ya lateksi au ya mpira unaofanana nayo. Hayo ndiyo yanayodanganya vidole vizuri zaidi na ndiyo ya bei. Likitoa sauti ya kukwaruza ukilikunja na ukaona mstari mwembamba ukizunguka ukingo, ni plastiki iliyomwagwa kwenye kalibu. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine, kwa hiyo usiruke hatua hii.

"Linang'aa sana"

Petali halisi humeza mwanga na kuutawanya, ila plastiki huurudisha kama kioo. Taa nyeupe za LED za dukani huficha kasoro hii kwa sababu kila kitu mle ndani kinang'aa. Toka na ua hadi mlangoni, lishike kwenye mwanga wa mchana, lizungushe taratibu. Ukiona doa jeupe la mwanga linatembea juu ya jani, na nyumbani litatembea hivyohivyo.

Kama umeshanunua, tafuta kwenye duka la rangi kopo la vanishi ya kupuliza isiyo na rangi, aina isiyong'aa. Osha vumbi kwanza, acha ua likauke, tikisa kopo dakika moja nzima, kisha pulizia ukiwa nje, kwa umbali wa sentimita 25 hadi 30. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito, kwa sababu vanishi nyingi ikikusanyika hufanya matone meupe ambayo hayatoki. Anza na jani moja la nyuma. Povu usilipulizie kabisa, maana kiyeyushi cha rangi kinaweza kulila na kuliacha na mashimo. Siku ya mvua ya masika ahirisha kazi: unyevu ukinaswa ndani ya vanishi huacha ukungu mweupe.

Mstari wa kalibu kwenye shina haufichwi na vanishi. Ukwangue kwa wembe ulioulaza, halafu pitisha msasa laini. Kwa shina moja ni kazi ya dakika mbili. Kwa mashina arobaini ya ukumbini, nunua mashina mengine.

"Yote yanafanana"

Chanzo ni kiwanda: kisu kimoja kimekata petali zote, kalibu moja imetoa majani yote, kisha shada zima limefungwa likiwa na vichwa saba vilivyochanua kwa kiwango kilekile. Hakuna mti unaochanua hivyo. Dawa yake iko kwenye ununuzi: acha shada, nunua tawi mojamoja. Kwa chombo cha waridi saba, chukua matatu yaliyochanua kabisa, mawili ya katikati na mawili ya tumba. Chukua yote siku hiyohiyo na kutoka boksi moja, kwa sababu mzigo wa kontena linalofuata unaweza kuja na wekundu mwingine, na wekundu wa aina mbili kwenye chombo kimoja huonekana kama kosa. Ua la maonesho lililoning'inizwa mlangoni liache hapo. Limekula jua na vumbi la Mtaa wa Msimbazi miezi kadhaa.

Hapo ndipo ujuzi wa ua lenyewe unaposaidia. Jani la waridi ni mkusanyiko wa vijani vidogo, kwa kawaida vitano au saba, vyenye kingo za meno kama msumeno. Waridi la bandia lenye jani moja pana kama la mpera limetengenezwa na mtu asiyejali. Yungiyungi la nchi kavu (lily), si lile la majini, lina sehemu sita za rangi na stameni sita (vijiti vya chavua), hesabu. Okidi nyeupe zinazopendwa sana kwenye meza za mapokezi za ofisi hufungua maua kuanzia chini ya kikonyo kwenda ncha, hivyo matumba madogo yako mwishoni. Majani yake mapana na manene hukaa kwenye kitako tu. Ukikuta okidi ina majani njiani kwenye kikonyo cha maua, au ua kubwa kuliko yote limekaa nchani, irudishe. Bogenvilia nayo kila mtu wa Dar anaijua kutoka kwenye ukuta wa jirani: kile cha zambarau au waridi ni jani lililobadilika rangi, na ua lenyewe ni kijineli (kijimrija) cha rangi ya maziwa katikati. Bogenvilia ya bandia isiyo na vijineli hivyo haimdanganyi mtu.

Waridi la bluu halimo kwenye bustani yoyote. Liache kwa wenye kutaka bluu ya harusi, wala wasidai linafanana na la kweli.

Na asumini? Tusipoteze muda. Mtu wa Pwani huijua asumini kwa pua kabla ya macho, na ya bandia haina la kumwambia.

"Yamelala, yamebonyea, yana mikunjo"

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu watupe maua mazuri. Ua limesafiri wiki nyingi likiwa limebanwa kwenye boksi pamoja na mamia ya wenzake, na muuzaji wa jumla hana muda wa kulifungua. Kulifungua ni kazi yako.

Kwa kitambaa: chemsha birika, shika ua sentimita 20 hivi juu ya mvuke, sekunde kumi, kisha vuta petali moja moja kwa nje ukianza na za pembeni. Tumia dole gumba kukunja ukingo kuelekea nyuma, kama petali ya waridi inavyofanya ikizeeka. Za katikati ziache zimefumba. Usipokuwa na birika la umeme, draya ya saluni kwa joto la kati inatosha, lakini isogeze sogeze isikae mahali pamoja. Pasi ya nguo ipite juu ya kitambaa cha pamba, kwa moto wa chini kabisa, na kwa majani tu.

Kwa plastiki: changanya maji yaliyochemka na maji ya bomba nusu kwa nusu kwenye beseni. Mchanganyiko huo hukaa karibu nyuzi joto 60, unatosha kulegeza bila kuyeyusha. Zamisha jani au shina sekunde 15 hadi 20, likunje unavyotaka, kisha lichovye mara moja kwenye maji baridi ukiwa umelishikilia. Ukiliachia kabla halijapoa, litarudi lilivyokuwa.

Kwa lateksi na povu: joto hapana. Nyoosha kwa vidole, tundika tawi kichwa chini usiku mzima.

Halafu shina. Ndani ya shina zuri kuna waya hadi kwenye kichwa, na hata vikonyo vya majani vina waya mwembamba. Jaribio la dukani: pinda shina robo ya duara na uliachie. Likibaki, lina waya. Likirudi kama fimbo ya mpira, utapanga maua yako siku nzima nayo yatakushinda. Nyumbani, kila shina lipe pindo moja refu la upole, na kichwa kiinamishe kidogo, kila kimoja kikitazama upande wake. Majani yatenganishe na shina, yageuze yatazame mwanga. Hatua hii peke yake hufanya zaidi ya vanishi na mapambo yote kulibadilisha ua la bei ya chini.

"Kichwa kinainama" au "kichwa kimetoka"

Kikiinama, waya ni mwembamba kuliko uzito wa ua. Ambatisha bainding waya ya mafundi ujenzi kando ya shina kuanzia chini ya kikombe cha ua, kisha funga kwa utepe wa kijani ukiuvuta unapozungusha. Kikombe cha kijani chini ya petali kitafunika ncha ya waya.

Kikitoka, tazama kilivyoshikiliwa. Vichwa vingi vimechomekwa tu kwenye kijiti cha plastiki, bila gundi. Hilo si baya kwa mtumiaji wa nyumbani, na hurahisisha kuosha. Kwa mpambaji wa kumbi ni balaa, kwa sababu vichwa hudondoka kila anapopakia na kupakua. Watu hukimbilia supaglu, nayo hukataa: plastiki ya aina ya polithini haishikiki na supaglu, na mvuke wake huacha unga mweupe kwenye petali za rangi nzito. Kwaruza kijiti kwa msasa, tia tone la gundi ya moto ya bunduki, rudisha kichwa haraka na shikilia sekunde ishirini. Jua lakini kwamba gundi hiyo hulegea kwenye joto. Maua ya sendofu yakiachwa saa saba mchana ndani ya gari lililofungwa madirisha pale nje ya ukumbi, vichwa vitateleza tena. Kwa kazi ya kubeba beba, toboa kikombe na kijiti kwa pamoja, pitisha waya mwembamba, usokote.

Kabla ya kulipa, vuta kichwa na jani moja kwa nguvu ya kawaida. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Kingo za petali zikianza kutoa nyuzi, kitambaa kilikatwa kwa kisu baridi. Kilichokatwa kwa moto huwa na ukingo mgumu kidogo, uliofungwa. Punguza nyuzi kwa mkasi mkali, kisha pakaza gundi nyeupe iliyolainishwa kwa maji kiasi sawa, kwa brashi ya ncha ndogo. Wapo wanaopitisha ukingo juu ya mshumaa; polista huyeyuka na kujifunga kweli, ila huacha ushanga mweusi na huweza kushika moto. Hatushauri.

"Rangi imekufa"

Jua. Mionzi yake huvunja rangi, na kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi hiyo, kwa hiyo kuwa ndani ya nyumba si kinga. Kila rangi ina umri wake. Kijani cha majani mara nyingi huwa mchanganyiko wa njano na bluu. Njano hufa kwanza, ndiyo maana majani ya bandia ya barazani hugeuka ya kibluu kama yamepigwa na baridi. Nyekundu na waridi hupauka haraka. Nyeupe huwa ya njano.

Rangi iliyokufa hairudi. Kinachowezekana ni kuchagua mahali. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri linahama: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hupita upande wa kaskazini, na kati ya Oktoba na mwisho wa Februari hupita kusini. Dirisha linalotazama kusini ambalo lilikuwa salama Juni linaweza kuchoma maua yako Desemba. La magharibi hupata jua la alasiri mwaka mzima na halifai kabisa. Sogeza chombo angalau hatua mbili kutoka dirishani, au weka pazia jepesi.

Kwa baraza, geti na balkoni za ghorofani, kitambaa kisahau. Tafuta plastiki ambayo kinga ya jua imechanganywa ndani yake tangu kiwandani. Kinga ya kupulizia juu husaidia kwa muda tu. Neno la muuzaji halitoshi, na jaribio ni rahisi: nunua tawi moja, funga nusu ya jani moja kwa karatasi ya foili, liweke juani kwa wiki tatu, kisha fungua. Tofauti kati ya nusu mbili ikionekana kwa jicho, matawi mia ya ukuta wako yatafanya vivyo hivyo. Wiki tatu ni nyingi kwa mwenye haraka. Kung'oa ukuta mzima wa maua ni kazi ndefu zaidi.

"Limechafua kitambaa cha meza"

Rangi ya juujuu isiyoshika. Nyekundu nzito, zambarau na bluu ndizo wahalifu wakuu. Dukani, lowesha tishu nyeupe, ibane kwenye petali ya ndani na usugue sekunde kumi. Tishu ikipata rangi, ua hilo lisikaribie gauni jeupe wala meza ya maharusi, kwa sababu jasho la mkono na tone la soda vinatosha kulichuja. Ukilazimika kulitumia, likae juu ya chombo, lisiguse kitambaa.

"Yananata" na "yana harufu"

Harufu kali ya dukani ni mabaki ya viyeyushi na vilainishi vya plastiki. Fungua nailoni, tandaza kivulini penye upepo siku tatu hadi nne. Isipopungua, usiweke chumbani kwa mtoto.

Kunata ni jambo zito zaidi. Ua lililokuwa kavu likianza kunata baada ya mwaka, kilainishi kinatoka ndani ya plastiki kuja juu, au lateksi imeanza kuoza kwa joto na hewa. Vumbi linaganda, ukisugua unazidisha. Poda ya mtoto kidogo sana, ikipakwa kwa brashi na kupanguswa, huahirisha tu. Hili halina tiba, na joto la jiji hili huliharakisha. Kwa hiyo maua ya lateksi yanunuliwe machache, kwa meza ambapo watu watayagusa. Ya juu ya kabati yawe ya kitambaa, nani atapanda kuyapapasa?

Kutu na kuvu

Wakazi wa Kigamboni, Kunduchi na Msasani wanaijua hewa ya chumvi kwa mageti yao. Waya uliokatwa na kuachwa wazi hula kutu, kutu hushuka na kuchora duara la kahawia ndani ya chombo cheupe. Kata shina kwa plaizi (mkasi utaharibika), kisha ziba ncha kwa rangi ya kucha au tone la gundi ya moto. Maji usiweke kwa ajili ya urembo, hata kidogo. Unataka chombo cha kioo? Ficha mashina kwa kokoto safi zilizokauka, au nunua chombo cha udongo na uachane na tatizo.

Kuvu hukaa kwenye kitako: ukoka wa bandia uliogandishwa juu ya sponji, au kadibodi iliyojazwa chini ya chungu. Masika ikija hunuka kama kabati lililofungwa. Toa vyote, jaza kokoto. Zinaongeza uzito pia, na upepo wa bahari hauangushi chombo tena.

Vumbi

Brashi laini ya rangi ya inchi moja, kila wiki, kutoka katikati ya ua kwenda nje. Draya kwa hewa baridi kwa mashada makubwa. Kuosha ni kwa yaliyofaulu jaribio la tishu: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita mbili za maji ya uvuguvugu, zamisha kichwa chini, zungusha sekunde tano, suuza, kung'uta, tundika kivulini. Yasiloweke, gundi itaachia.

Ule ujanja wa kutia maua kwenye mfuko wenye chumvi na kutikisa, usiufuate hapa. Chembe zinazobaki kati ya petali huvuta unyevu, na kwenye unyevu wa Dar kesho yake ua ni chepechepe na waya umeanza kutu. Mchele mkavu hufanya kazi ileile bila madhara hayo.

"Kila kitu ni sawa, lakini bado yanaonekana ya uongo"

Basi tatizo ni mpangilio. Pima: ua refu kuliko yote litoke juu ya mdomo wa chombo kiasi cha mara moja hadi moja na nusu ya kimo cha chombo. Chombo cha sentimita 25 kinataka maua yanayotokeza sentimita 25 hadi 38. Mdomo wa sentimita 10 hujazwa na matawi saba hadi tisa yenye majani. Vimo vitofautiane, na moja au mawili yaelekee chini kidogo juu ya ukingo. Shina ambalo huenda utalihitaji refu siku nyingine lipinde, usilikate.

Angalia pia mahali. Maua "mabichi" juu ya friji, kwenye kona isiyo na mwanga au juu ya jokofu la soda hayana sababu ya kuwa hai. Ujanja unaofanya kazi kuliko wote ni kuchanganya: matawi mawili matatu ya majani halisi kutoka uani, kwenye kichupa kidogo cha maji kilichofichwa kati ya kokoto. Jicho likishaona jani la kweli, huyasamehe maua. Maji hayo yamwage na kusugua kichupa kila baada ya siku mbili au tatu, kwa sababu mbu wa dengi huzaliana kwenye maji madogo kama hayo, na jiji hili limeshauona ugonjwa huo.

Ulichoagiza kwa simu si kilichofika

Picha hupigwa karibu, hivyo waridi la sentimita 4 huonekana kama la 10. Kabla ya kutuma pesa uliza mambo manne: kipenyo cha kichwa kwa sentimita, urefu wa tawi lote, idadi ya vichwa kwa tawi, na kama bei ni ya tawi au ya shada. Omba video fupi ya ua likizungushwa kwenye mwanga wa mchana pamoja na rula, na shina likipindwa. Mwenye mzigo mzuri hataona taabu kuituma. Kwa dazani na zaidi, lipia matawi mawili kwanza, yaletwe na bodaboda, uyafanyie jaribio la tishu na la kuvuta kichwa. Boksi lililobaki likifika, fungua tawi la katikati ya boksi. La juu limechaguliwa ulione.